Breki za 4x4 Mombasa: ushike spana mwenyewe, uende jua kali, au upeleke gereji kubwa?

Pedi ya nyuma kushoto ya Prado yangu iliisha upande mmoja. Ya nje ilikuwa bado na nyama, milimita sita hivi. Ya ndani ilibaki bati tupu, na bati lenyewe lilikuwa limeshaanza kuchora mifereji kwenye diski. Wiki tatu kabla ya hapo nilisimama kwa fundi mmoja, akainama, akachungulia kupitia matundu ya rimu, akainuka akifuta mikono. "Ami, breki zako nzima. Hizo mpaka mwaka uishe." Sikumlaumu, maana alichokiona kilikuwa kizima kweli. Pedi ya ndani haionekani mpaka gurudumu litoke.

Watu wengi wakiuliza nani ashughulikie breki za gari lao, huwa wanauliza habari ya pesa, au ya ujasiri. Mimi siku hizi nauliza mambo mawili: nani ataliona lililojificha nyuma ya diski, na je, kazi yenyewe inafungua njia ya mafuta ya breki au haifungui? Nimezipitia njia zote tatu tulizo nazo hapa Mombasa: kuinama mwenyewe uani, kwenda gereji ndogo za jua kali za Magongo na Changamwe, na kupeleka gereji kubwa yenye kompyuta. Nazilinganisha hapa kazi kwa kazi, kwa sababu aliyekwambia ufanye zote mwenyewe anakudanganya sawasawa na aliyekwambia usiguse kitu.

Chumvi kwanza

Nakaa Likoni, kazi yangu iko Shimanzi, kwa hiyo gari linapanda feri karibu kila siku. Asubuhi diski zinakuwa na kutu rangi ya chungwa. Ukikanyaga mara ya kwanza zinakwaruza, mara ya tatu kimya. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni kutu ya mahali pasipoonekana: ndani ya matundu ya pini za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski), kwenye nati za kutolea upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki, na kwenye vile vibomba vyembamba vya chuma vinavyopita chini ya chasisi.

Kalipa ya nyuma ya Prado, kama ya magari mengi, ina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, na pedi hiyo ikishagota kwenye diski, mwili mzima wa kalipa unateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Pini zikikauka grisi na kushika kutu, kalipa haitelezi tena. Pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili, na hata ukiachia breki inabaki imeegemea diski. Ndivyo ile yangu ilivyoliwa peke yake.

Mbele ni hadithi nyingine. Prado za toleo la 120 zina kalipa yenye pistoni nne, mbili kila upande. Kalipa haitembei, na pedi zinatoka kwa kuchomoa pini mbili zinazozishikilia, bila hata kuifungua kalipa. Anayetaka kujifunza aanzie hapo mbele.

Walio bara, mbali na upepo wa bahari, wanaweza kukaa muda mrefu bila kukumbuka kama kalipa ina pini. Sisi wa pwani hatuna raha hiyo. Zangu nazichomoa, nazisugua na kuzipaka grisi kila miezi sita, na hiyo ndiyo kazi iliyonifanya ninunue vifaa.

Pesa, na mahali inapodanganya

Wanaosifia kujifanyia wenyewe huanza na habari ya kuokoa pesa. Kwa Mombasa hesabu hiyo inayumba. Fundi wa jua kali alinitoza shilingi 1,500 kubadili pedi za nyuma, magurudumu yote mawili. Gereji kubwa iliniandikia 6,000 kwa kazi hiyohiyo, pedi mbali. Vifaa vyangu (jeki ya troli ya tani tatu, jozi ya stendi, spana ya torki inayopima nguvu ya kukaza, klampu ya kurudishia pistoni na kipimo cha vania cha kupimia unene) vilikula kama 18,000. Dhidi ya gereji kubwa, nikibadili pedi mara tatu pesa yangu imerudi. Dhidi ya jua kali, mpaka mara kumi na mbili, na seti moja ya pedi inanichukua zaidi ya mwaka. Hapo nitakuwa nimeota mvi, na pengine gari limeshauzwa.

Muda nao usiupuuze. Fundi alimaliza kwa dakika arobaini. Mimi mara yangu ya kwanza nilianza baada ya chai ya asubuhi, na adhana ya alasiri ikanikuta bado natafuta klipu moja iliyorukia kwenye majani.

Kwa hiyo anayemiliki 4x4 hapa na kutaka kuokoa mia mbili tatu aende jua kali, asijisumbue. Unapojifanyia mwenyewe faida yake ni nyingine: umeona kwa macho yako, na ile kazi ndogo isiyolipwa imefanyika. Fundi wa jua kali analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Kuchomoa pini, kuzisugua kwa msasa na kuzipaka grisi ni robo saa kwa kila gurudumu, na hakuna mteja aliyewahi kumwambia "chukua mia tatu ya grisi". Ukimwambia, atafanya, na atafanya vizuri. Gereji kubwa ina orodha yake na pini zimo, lakini wewe umekaa kwenye kochi nyuma ya kioo, umepewa chai, na aliyekuandikia karatasi siye anayeshika spana.

Kukagua

Hapa sioni la kulinganisha. Mara mbili kwa mwaka toa magurudumu yote manne uangalie mwenyewe. Hata asiyetaka kubadili chochote, hii anaiweza.

Tazama unene wa pedi zote, za nje na za ndani, bila kuhesabu bati la nyuma. Zikifika milimita tatu mimi nabadili. Ukikuta ya ndani na ya nje zimepishana sana, tatizo ni pini au pistoni, na pedi mpya peke yake haitaliponya. Diski ina unene wake wa chini, na mara nyingi umegongwa kwenye chuma chenyewe, pembeni au sehemu ya katikati. Za mbele za Prado yangu zilianza na milimita 28 na kikomo chake ni 26. Pima mahali pedi inapopita, usipime ukingo, kwa sababu ukingo hauliwi na utakupa namba ya uongo. Kisha ukunje mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta mpaka kwenye kalipa, kwa vidole: ukiona nyufa kwenye mkunjo, huo umeshazeeka hata kama hauvuji. Mwisho pitisha kidole kuzunguka raba ya pistoni. Ikichanika, maji ya chumvi yanaingia moja kwa moja.

Jua kali watakukagulia bure, ila ni kule kuchungulia kupitia rimu nilikokusimulia.

Kubadili pedi: uani au jua kali?

Kazi hii haifungui mafuta, kwa hiyo naiweka upande wa mwenye gari. Lakini ina mitego yake, na karibu yote nimeingia.

Wa kwanza ni kurudisha pistoni ndani bila kuangalia chupa ya mafuta ya breki. Pedi zilivyokuwa zikiisha, mafuta yalishuka. Mtu akayajazia mpaka juu. Sasa ukirudisha pistoni, yanapanda na kumwagika juu ya rangi ya bodi, na mafuta hayo hubabua rangi. Fungua kifuniko, nyonya kidogo kwa sindano kubwa ya duka la dawa, halafu ndipo ubane. Yakimwagika, mwaga maji mengi papo hapo, usipanguse kwa kitambaa kikavu.

Wa pili ni kuiacha kalipa ining'inie kwenye mpira wake. Ifunge kwa waya kwenye springi. Wa tatu ni grisi. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha vile vipira vya pini, na ndani ya miezi michache pini inashika kuliko mwanzo. Tafuta grisi ya silikoni, au ile iliyoandikwa kuwa ni ya breki. Mimi nilitumia ya beringi mwaka wa kwanza, kwa kujiamini kwingi.

Na ule mbaya kuliko yote: umemaliza, umefunga magurudumu, umewasha gari, umeachia breki ya mkono, unakanyaga, na pedali inazama mpaka chini. Pistoni ziko mbali na pedi. Kabla gari halijasogea hata hatua, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mimi niligundua hilo nikiwa narudi nyuma kuelekea ukuta wa jirani. Ukuta ulipona, kwa sababu breki ya mkono ilikuwepo.

Jua kali wanakushinda kwa wepesi na kwa uzoefu wa boliti zilizoshika. Wewe unawashinda kwa mambo mawili. Kwanza vumbi: wengi wanapuliza breki kwa upepo wa kompresa, na lile wingu jeusi linaingia vifuani mwao na mwako uliyesimama karibu. Lainingi za zamani, yaani ile nyama ya pedi inayosugua, zilikuwa na asbesto, madini mabaya kwa mapafu, na kwa pedi za bei chee zisizo na jina huwezi kuapa kuwa haimo. Kitambaa chenye maji kinatosha, au dawa ya kusafishia breki. Pili, kukaza nati. Fundi anasimama juu ya spana kwa mguu, na siku tairi imepasuka njiani na umebaki na spana ya gari, nati haitoki. Nati za gari langu zinataka Nm 112, na spana ya torki inanikumbusha kwamba hiyo ni nguvu ya kiasi tu.

Pedi mpya zinataka kuzoeshwa kwa diski. Naingia barabara ya Dongo Kundu asubuhi mapema kabla haijachangamka, naenda kilomita 60 kwa saa, nakanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka 20, naachia bila kusimama kabisa, narudia kama mara kumi nikiacha nafasi breki zipoe. Sijawahi kuona gereji yoyote, ndogo au kubwa, ikinifanyia hilo.

Diski ikiwa na mifereji au usukani unatetemeka ukikanyaga, hapo uani pameisha. Diski inapelekwa leithi, mashine ya kuchongea chuma. Jua kali wanao wenzao wenye leithi, gereji kubwa nyingine zina mashine inayochonga diski ikiwa palepale kwenye gari. Mashine hiyo ni bora, kwa kuwa inachonga kufuata habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya gari lako. Lakini pima kwanza. Diski ya 26.5 ikichongwa itashuka chini ya kikomo, na bora pesa ya leithi uiongeze kwenye diski mpya.

Dramu za Hilux na Jimny

Hilux, pamoja na Jimny, zina diski mbele na dramu nyuma, yaani chuma kama sufuria kinachozunguka na gurudumu, breki ikiwa ndani yake. Dramu haina haraka ya kuisha, ila kwa anayepita kwenye matope ya Kinango wakati wa masika inakusanya tope na mchanga na kukaa nao. Diski hurusha uchafu nje, dramu huuweka akiba.

Ikigoma kutoka usiitwange nyundo. Dramu za Toyota zina matundu mawili madogo yenye hesi usoni. Tia boliti mbili za M8, kaza moja kidogo, nyingine kidogo, kwa zamu, na dramu itajisukuma yenyewe nje. Hiyo niliionea Changamwe kwa kijana ambaye sidhani alikuwa na miaka ishirini.

Ndani ndipo penye kizaazaa: shuu mbili zinazobana dramu kwa ndani, springi nne au tano, kijiti cha kujirekebisha, waya wa breki ya mkono. Piga picha kabla hujagusa. Fungua upande mmoja tu, upande wa pili uuache mzima uwe kitabu chako. Hata hivyo ushauri wangu ni kwamba mara ya kwanza umpe fundi, usimame naye, umshikie springi. Springi ya shuu ikifyatuka inatafuta jicho. Mara ya pili utaamua mwenyewe.

Kwa Hilux kuna jambo ambalo gereji nyingi za kuinua gari hazilisemi. Nyuma, juu ya ekseli, kuna vali inayopima mzigo: gari likiinama kwa mzigo inaruhusu breki za nyuma nguvu zaidi. Ukiinua springi ili gari liwe refu, vali inadhani siku zote gari ni tupu, na breki za nyuma zinabaki dhaifu hata ukibeba tani ya mawe. Inabidi mkono wake urekebishwe. Tena ina nati yake ya kutolea upepo, nayo husahauliwa.

Mafuta ya breki: hapa ndipo mpaka ulipo

Tulikuwa tukishuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, watu saba ndani na kabichi za shemeji nyuma. Kona ya kwanza sawa. Baada ya kona kadhaa pedali ikaanza kulainika, kama unakanyaga ndizi. Kona iliyofuata ilifika karibu na sakafu. Nikashusha gia mpaka ya kwanza, injini ikapiga kelele, na nikapata mahali papana pa kuegesha. Mke wangu hakusema neno mpaka gari liliposimama, ndipo akauliza, "Baba, ni breki?" Nikasema ni joto tu. Tulingoja nusu saa, pedali ikarudi ngumu kama vile hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo udanganyifu ulipo. Ukifika kwa fundi siku ya pili, anakanyaga, anakuta breki nzima, anakwambia ulikuwa unaendesha vibaya. Nilipofungua chupa, mafuta yalikuwa meusi kama kahawa tungu.

Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu ndio tulionao wengi hapa kuliko kitu chochote. DOT 3 mapya yanatakiwa yachemke si chini ya nyuzi 205. Yakishakuwa na maji asilimia 3.7, kiwango kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwenye mteremko mrefu na gari la tani mbili, kalipa inapata moto wa kutosha kuyachemsha yaliyozeeka. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji, na ushahidi umepotea. Badilisha kila miaka miwili. Angalia pia yale yanayoandikwa DOT 5 bila ile .1: hayo ni ya silikoni, hayachanganywi na mengine.

Nani ayabadili? Ukiangalia kitabuni, kazi ni nyepesi: mtu mmoja anakanyaga, mwingine analegeza nati ya kutolea upepo, mpira mwembamba unaingia kwenye chupa, mafuta machafu yanatoka, nati inakazwa kabla mguu haujainuka. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia unaanza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), yaani nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Chupa ya juu isiachwe ikauke hata mara moja. Weka kipande cha mbao chini ya pedali, ili kwenye masta silinda ya zamani raba zisiingie sehemu ya ndani yenye kutu ambayo hazijawahi kufika.

Lakini kwa Mombasa nati ile ndogo imeshikana na kalipa kwa chumvi. Ukiilazimisha inakatika, na kuanzia hapo una gari lisilo na breki limekaa uani, Jumapili, na maduka yamefungwa. Ikikatikia kwa fundi wa jua kali, jirani yake ana mashine ya kuchomelea: wanachomelea nati nyingine juu ya kisiki, wanaizungusha wakati bado ya moto, inatoka. Nimeliona hilo kwa macho yangu na halikuchukua robo saa. Uani huna jirani huyo.

Ndiyo maana mafuta mimi nayapeleka jua kali, ila kwa masharti yangu. Usiku wa kuamkia, nati zote nne nazinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu. Nanunua chupa mpya mwenyewe na inafunguliwa mbele yangu, kwa sababu chupa iliyokaa nusu kwenye rafu ya fundi tangu Ramadhani imekuwa ikinywa unyevu muda wote huo. Nasisitiza spana ya boksi yenye pembe sita. Na anayekanyaga pedali ni mimi. Mtoto wa gereji akichoka atainua mguu kabla nati haijafungwa, na upepo utarudi ndani.

Gereji kubwa inaingia hapa kwa sababu moja nzito. Baadhi ya Prado na Land Cruiser kubwa zenye udhibiti wa kuteleza hazitumii busta ya upepo, ile inayouongezea mguu wako nguvu. Zina pampu ya umeme na akiba ya mafuta yenye shinikizo kubwa, na breki za nyuma zinalishwa na pampu hiyo. Kutoa upepo kwake kuna utaratibu wake, switchi ya gari ikiwa imewashwa. Ukisikia mlio mfupi wa mota chini ya boneti unapowasha switchi na kukanyaga breki, na masta silinda imebebana na kitu kizito cheusi chenye nyaya, hiyo siyo kazi ya jua kali ya kawaida wala yako. Lipa 6,000, lipa hata zaidi. Vivyo hivyo taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki, ikiwaka na isizime: fundi atakwambia achomoe balbu, wewe ondoka.

Kabla hujaingia chini

Ua nyingi za huku ni mchanga au changarawe. Jeki ya troli inazama upande mmoja na gari linainama polepole, huna habari. Tandika ubao mnene au bati nzito. Na usiliegemeze gari kwenye mawe ya matumbawe ya kujengea, hata kama yamekaa pale ukutani yakikuita. Yanabeba ukuta kwa sababu uzito umetandazwa. Ukiyaweka chini ya ncha ya chasisi yanapasuka ghafla. Stendi mbili ni rahisi kuliko mguu.

Breki ya mkono nayo ina siri yake kwa 4x4. Kwenye Prado, Jimny na Hilux inashika magurudumu ya nyuma yenyewe, kwa hiyo ukiinua moja la nyuma, la pili bado limeshika. Jirani yangu ana Defender, na kwake breki ya mkono ni dramu iliyo nyuma ya transifa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma), inashika propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Aliinua gurudumu moja la nyuma akiwa ameivuta mpaka mwisho, na gari likasogea lenyewe kuelekea geti, kwa sababu difu, gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, inaliruhusu la chini kuzunguka huku la juu likizunguka kinyume. Geti lilipinda. Gia ya P ya otomatiki ina udhaifu huohuo, na kama transifa imekaa N, P haishiki kitu kabisa. Kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, kila mara, hata kama ua wako ni tambarare kama sinia.

Pedi zipi dukani

Muuza spea atakuuliza, "Unataka orijino, ya kawaida, au eks-Japani?" Eks-Japani ni spea iliyotumika kutoka Japani. Pedi na shuu zilizotumika usinunue, hata zikiwa nene, hujui zimeungua mara ngapi. Kalipa iliyotumika ni sawa, mradi ubadili raba zake zote. Kati ya orijino na za kawaida, geuza pedi utazame ukingo au mgongo wake. Nyingi zimeandikwa herufi mbili, ya kwanza ni mshiko wa pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. E ni mshiko wa 0.25 mpaka 0.35, F 0.35 mpaka 0.45, G 0.45 mpaka 0.55. Kwa gari zito nataka FF au zaidi. Iliyoandikwa EE inafaa mkokoteni. Isiyo na herufi, wala namba, wala jina, na boksi limekosewa tahajia, irudishe kwenye kaunta hata kama ni nusu bei.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa fundi wangu kwa ajili ya mafuta. Tulimaliza kabla ya adhuhuri, nati zote zimetoka bila kukatika. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akaketi kwenye tairi kuukuu, akayatazama yale machafu kwenye chupa ya soda.

"Ami, hizi stendi zako nzuri sana. Za kununua wapi?"

Nikamwambia bei.

"Basi niazime mpaka Ijumaa, kuna Land Cruiser ya mzee mmoja hapa."

Ijumaa nne zimepita.